Unga wa Uyoga na Kifua cha Haika

Juzi mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza kwa nini mtama wake unapasuka kabla hajaujaza kwenye chupa. Nikamjibu kwamba anauchemsha huku akiangalia simu. Akacheka, akadhani natania. Mtama wa kuoteshea mbegu ya uyoga hauchemshwi kwa saa, unachemshwa kwa vidole. Unachota punje moja, unaibonyeza. Ikibonyea na kubaki nzima, ipua. Ikitoa uji, umechelewa. Wape kuku, uanze upya. Halafu unautandaza kwenye gunia safi hadi ukiushika hauachi unyevu kiganjani. Hapo ndipo unaingia kwenye chupa. Hayo yote mnayapata kwenye hizo video zenu, ila kwenye video hakuna wa kukuambia uweke simu chini.

Mmeniomba niandike ninayokumbuka katika kazi hii, ninyi mnaoanza kupanda uyoga huku Kibosho na kule Himo. Nitaandika kama ninavyozungumza, mambo yakirukana, maana kichwa changu siku hizi ndivyo kilivyo. Na kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisimulia lote kwa mkupuo. Linahusu mtoto anayeitwa Haika, na pumu yake, na unga wa uyoga nilioufunga kwa mikono hii. Nitalifikia. Nivumilieni kidogo, si jambo la kuanzia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Elinami. Chumba chake cha mbegu kilikuwa Njoro, nyuma ya nyumba yake, kikubwa kama jiko la kawaida, kuta zimepakwa chokaa, na dirisha moja dogo lisiloruhusiwa kufunguliwa. Aliniajiri kuosha chupa. Wakati ule tulitumia chupa tupu za pombe kali, nikizikusanya kwenye baa za mjini, na watu wa usharika wetu waliponiona napanda Kibosho na gunia linalogongana, walianza kumwombea mume wangu. Mume wangu hajawahi kuonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi. Aliombewa mwaka mzima.

Baada ya muda mzee aliniruhusu kupandikiza mbegu mwenyewe. Wiki ya kwanza joto la mjini likanishinda. Sisi wa juu huku tumezoea baridi. Mzee alipotoka nikafungua dirisha, nikapata hewa, nikalifunga kabla hajarudi. Siku ya tano chupa zikaanza kugeuka kijani. Mzee hakuuliza ni nani. Aliniketisha kwenye kigoda, akanipa chupa mojamoja ninuse kwenye pamba iliyoziba mdomo.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya nazi, mzee."

"Umepika wali wa nazi humu ndani?"

"Hapana."

"Basi kuna mgeni amepika. Nani alimfungulia?"

Nikakiri. Nilizimwaga chupa zote, nikaziosha zote, na tangu siku hiyo naujua ukungu wa kijani kwa pua kabla haujaonekana kwa macho. Mbegu iliyo nzima hunukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Ikinukia nazi, usiipe hata siku moja ya huruma. Itoe nje.

Mzee alikuwa na sheria nyingine iliyonikera. Ukisema "nafikiri chupa hii iko sawa", anakukatiza. "Humu ndani hatufikirii. Sema umeona au hujaona." Nilimwona mzee mwenye makuu. Mtu anafuga uyoga, anajifanya hakimu!

Miaka ikaenda. Pipa la kuni tuliloulia vijidudu kwa mvuke likawa la gesi. Chupa zikawa mifuko ya nailoni. Majani makavu ya migomba tuliyokuwa tukiyabeba kichwani yakachanganywa na mabua ya mpunga kutoka tambarare na maganda ya maharage. Nikajenga banda langu mwenyewe kihambani, kwenye shamba letu la migomba hapa Kibosho, kuta za mabanzi, ndani fito za mianzi za kutundikia mifuko, na nikawa napanda mamama, ule uyoga mweupe mnaoujua, huku nikiendelea kushuka Njoro siku tatu kwa wiki. Nilikuwa fundi. Nasema bila haya, nilikuwa fundi mzuri.

Ndipo ukaja uyoga wa dawa. Watu walikuwa wakirudi kutoka Dar na vipakiti vya kahawa yenye uyoga huo, ganoderma, na wateja wakaanza kuuliza kama na sisi tunao. Mzee akatafuta mbegu yake, tukaipanda kwenye unga wa mbao. Hauna haraka kama mamama. Unakaa miezi, na ukitoka ni mgumu kama soli ya kiatu, mwekundu wa kahawia, unang'aa kama umepakwa vanishi. Hauliwi. Tuliukausha, tukaupeleka kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mwenye mashine alitukubalia mara moja tu, kwa sababu mama aliyesaga mahindi baada yetu alirudi jioni na sahani ya ugali mkononi. "Onja," akamwambia. Alionja, mchungu kama shubiri. Ilibidi tununue mashine yetu ndogo.

Unga ukafungwa kwenye pakiti. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mzee, kwa hiyo karatasi za pakiti niliziandika mimi, kisha tukazitoa nakala. Niliandika: *Huamsha kinga ya mwili. Hutuliza kifua, magoti na presha.* Mtaniuliza niliyatoa wapi maneno hayo. Niliyatoa kwenye pakiti ya mtu mwingine. Na yeye sijui aliyatoa wapi.

Niliuza siku ya soko Himo, na niliuza nje ya kanisa baada ya mnada wa mazao. Nilikuwa na ulimi. Mzee hakupenda biashara ile. Alisema sisi ni watu wa mboga. Lakini pakiti zilitoka, naye akanyamaza, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Mama Haika alikuja nyumbani kwangu asubuhi moja ya Jumamosi. Alikuwa mama kijana wa kitongoji cha jirani, mumewe akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini na kurudi mara moja kwa mwezi. Alikuja na binti yake, Haika mwenyewe, miaka saba, mwembamba, mabega yameinuliwa kama mtu anayesikia baridi. Mtoto mwenye pumu huwa na mabega hayo. Anayainua ili kifua kipate nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa, akanieleza. Mtoto alianza kukohoa usiku tangu ana miaka mitatu. Vumbi la darasani, moshi wa jikoni, kahawa ikichanua, majani ya ng'ombe yakikatwa, kila kitu kilikuwa kesi. Hospitalini waliwapa dawa mbili za kuvuta. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa mzima. Walimfundisha kutoboa chupa ya maji, kuichomeka dawa upande wa chini na mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa. Akaitoa kwenye mkoba, chupa yenyewe imechakaa, ameifunga kwa kitambaa safi.

"Hii ya kahawia inanichosha, mama," akasema. "Kila siku. Na nikimpa sioni kitu. Sioni tofauti. Watu wananiambia atazizoea, atakuwa mtu wa dawa maisha yake yote."

Nikamwambia habari za unga wangu. Kijiko kidogo kwenye uji, asubuhi. Nikamwambia kuna watu wamepata nafuu. Watu gani? Mzee mmoja wa magoti. Sikumwambia ni wa magoti.

Kisha akaniuliza swali. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

"Sasa mama, nikianza huu, naweza kumwachisha ile ya kahawia?"

Nilijua jibu. Jibu lilikuwa "sijui, kamuulize aliyekupa". Maneno matatu. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia kama daktari, na mimi niliyeanza kwa kuosha chupa sikuwa nimewahi kuangaliwa hivyo. Nikatabasamu. Nikasema, "Wewe ndiye unayemjua mtoto wako."

Sikusema ndiyo. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo.

Akaiacha ya kahawia. Na Haika akawa mzima! Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Ulikuwa msimu wa jua, hakuna kahawa iliyochanua, hakuna baridi ya usiku. Mama Haika alifurahi hadi akaja kuomba kibarua kwangu, nikamweka kwenye kuchuma. Alikuwa na mikono mizuri, hakuvunja mashina. Haika akitoka shule alipitia bandani kumsubiri mama yake, na alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini uyoga hauna majani? Kwa nini unakaa gizani, unaogopa nani?

Na hapa nisimulie lile linaloniumiza kuliko yote, maana kama sitalisema sina haki ya kuwaandikia. Wateja walipokuja nyumbani nilikuwa namwita. "Haika, kimbia mpaka kwenye mgomba ule urudi." Anakimbia, anarudi, anacheka. Namgeukia mteja, "Unaona? Huyu alikuwa hapandi hata kilima cha shule." Nampa Haika ndizi mbivu, nafunga pakiti.

Mvua za masika zilipokuja, barabara yetu, mnaijua, ikawa tope tupu. Mnunuzi wangu wa mjini akachelewa siku tatu. Mamama hausubiri mnunuzi. Unajua umefika ukiona ukingo wa kofia bado umeinamia chini. Ukishaanza kunyanyuka na kujikunja juu, umechelewa, na hapo unaanza kumwaga vumbi lake, mbegu zake ndogo zisizoonekana mojamoja ila zikiwa nyingi unaziona kama moshi mweupe. Siku ya nne nilipofungua banda, vumbi lilikuwa limetanda kwenye fito, kwenye utando wa buibui, kila mahali. Sisi tulilizoea. Nilikuwa na kikohozi changu cha jioni, na homa ndogo inayokuja na kuondoka, nikidai ni baridi ya mlima.

Tukaingia kuchuma, mimi na Mama Haika, haraka haraka, tukitikisa mifuko. Saa tisa mchana Haika akatoka shule. Akaingia, akaweka begi, akaanza kutusaidia kupanga kwenye ndoo.

Nilisikia kikohozi kwanza. Kikohozi kikavu, kidogo, kama cha mtu anayeomba ruhusa. Kisha sikusikia kitu. Nikageuka. Haika alikuwa amekaa sakafuni, mikono kwenye magoti, shingo inavutwa ndani kwa kila pumzi, na midomo imebadilika rangi. Hakuwa akilia. Mtoto anayeweza kulia ana hewa.

"Mama Haika!"

Akatupa ndoo. Tukambeba nje. Mimi, kwa ujinga, nikataka kumlaza kwenye nyasi, mama yake akanipiga mkono. "Asilale! Akae!" Yeye alijua; alifundishwa na wale wale ambao mimi nilijifanya nawazidi.

"Ile ya bluu iko wapi?"

"Iliisha." Akaniangalia. "Iliisha mama, sikuchukua nyingine. Alikuwa mzima."

Gari la maziwa lilikuwa linakusanya pale njia panda. Nilikimbia. Nina miguu mifupi na nilikuwa mtu mzima tayari, lakini nilikimbia kwenye lile tope hadi viatu vikabaki. Dereva alishusha madumu ya watu pembeni ya njia bila kuuliza, akatupakia mbele. Haika alikaa mapajani kwa mama yake, wima, na mama yake alikuwa anapumua naye. "Toa pole pole. Toa, mwanangu. Toa." Mimi nilishikilia mlango ambao haukufunga. Kila gari lilipoteleza nilisema moyoni, Mungu, nichukue mimi. Maneno rahisi hayo, kila mtu huyasema akiwa ndani ya gari.

Kituo cha afya walimpokea wakamwekea hewa na dawa ya mvuke kwenye barakoa. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine umri wa mwanangu wa mwisho. Alipoona kifua kimeanza kufunguka akauliza, bila kugeuka, "Dawa ya kila siku anatumia?"

Mama Haika aligeuka. Akaniangalia mimi.

Nikasema, "Aliacha. Alikuja kuniuliza kama aache, mimi sikumkataza. Nilimuuzia hii." Kulikuwa na pakiti mfukoni mwa gauni langu, kama kawaida. Nikaitoa.

Daktari aliisoma akiwa amesimama. Akaiweka mezani. Hakunifokea, na nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Mtoto alipopelekwa mjini kulazwa, mama yake akiwa naye, mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi bila viatu, na yule binti akaja kukaa karibu nami.

"Mama, umeandika unaamsha kinga," akasema. "Pumu ya huyu mtoto si kwamba kinga yake imelala. Iko macho kupita kiasi. Inaona vumbi, inadhani ni adui. Inaita askari wote wa mwili. Wakifika kifuani wanavimbisha njia za hewa, wanamwaga makamasi, misuli inabana. Adui mwenyewe hayupo. Sasa wewe unaiamsha ifanye nini?"

"Nimesikia wataalamu wanausifu uyoga huu."

"Wanauchunguza, ni kweli. Kwenye ukuta wa chembe za uyoga kuna sukari ndefu, zimeshikana kama mnyororo, na askari wa kinga wanazitambua. Kuna zinazowachochea. Kuna maabara ambako panya waliopewa kitu kama pumu wameonekana kutulia kidogo walipopewa uyoga huo. Mimi mwenyewe natamani siku moja tupate dawa ya watoto humo. Lakini Haika si panya, na dawa lazima ijulikane kiasi chake. Kwenye pakiti yako kuna kiasi gani cha hiyo sukari?"

Nikafungua mdomo kusema nafikiri. Nikaufunga.

"Sijui," nikasema.

"Na ile nafuu ya mwezi wa kwanza haikuwa ya unga. Ile ya kahawia hufanya kazi kimya kimya, na ukiiacha, kazi yake haiishi siku ile ile. Halafu kilikuwa kiangazi. Mlichokiona ni kiangazi." Akaniuliza mtoto alikuwa wapi alipoanza kubanwa. Nikamweleza banda na vumbi. Akashika kichwa. "Mama, vumbi lile nalo ni uyoga. Kifua chenye mzio kinapigana nalo kama kinavyopigana na unga wa maua. Na wewe kikohozi hicho umekuwa nacho tangu lini?"

Nilipanda Kibosho kwa miguu.

Asubuhi nilishuka Njoro kumwambia Mzee Elinami. Nilimkuta anachagua mtama. Nilimweleza yote, hadi la kumkimbiza mtoto kwenye mgomba. Hakuacha kuchagua. Mwisho akauliza, "Karatasi ya pakiti uliandika wewe?"

"Mimi, mzee."

"Na mimi niliisoma," akasema. "Niliisoma mara ya kwanza ulipoiandika, nikajua hukuona hata neno moja la hayo. Nikanyamaza kwa sababu zilikuwa zinatoka." Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, akaanza kuzishusha pakiti moja moja na kuzimwaga kwenye ndoo. Alikuwa mzee kweli siku ile; sikuwa nimemwona hivyo.

Haika alitoka hospitali baada ya siku tano. Nilisubiri wiki, kisha nikaenda kwao nikiwa nimeshika jani la sale, nimelifunga fundo kama tulivyofundishwa na wazee wetu. Ninyi vijana mnalijua sale kama mpaka wa kihamba tu. Mtu akikujia nalo anaomba msamaha, na si desturi kumkatalia.

Mama Haika alikuwa anafua. Aliliona jani, akaendelea kufua.

"Shikamoo," akasema, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba."

"Sitaki jani, mama."

Nikasimama nalo. Maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika kwenye majani ya migomba yananiingia mgongoni.

"Jani nikilipokea, mimi na wewe tumemaliza," akasema. "Utaenda nyumbani umetulia. Na wale wengine? Yule mama wa Himo mwenye pacha? Uliniambia mwenyewe kwamba anao huo unga. Kila uliyemuuzia ana mtoto, ana mtu. Nenda kawaambie ulichomfanyia mwanangu. Wote. Ukimaliza njoo, tutaongea habari za jani."

Ilinichukua karibu miezi miwili. Sikuwa na orodha, nilikuwa na kichwa tu. Nilikwenda siku za soko Himo na sikuuza kitu, nilisimama pale pale kwenye meza yangu nikamwambia kila aliyekuja. Nilisimama kanisani wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alidhani nina tangazo la msiba. Mama wa pacha alisikiliza, akasema, "Dawa za hospitali sikuziacha hata siku moja. Ninyi watu wa uyoga mnaongea sana." Yule mzee wa magoti alikasirika, akaniambia nikitaka kuharibu biashara yangu niharibu, lakini nimletee pakiti mbili. Kuna mama mmoja tu aliyekuwa amefanya kama Mama Haika. Aliposikia aliingia ndani, akatoka amembeba mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, akanipita. Kwa ajili ya huyo mmoja, ningerudia kutembea yote.

Niliporudi na jani jipya, la kwanza lilikuwa limekauka, Mama Haika alilipokea. Hakunikaribisha ndani siku hiyo. Kibaruani hakurudi tena. Alifuga ng'ombe wa maziwa, na mtoto hakuguswa tena na vumbi langu.

Sasa mbinu. Ziandikeni, maana hizi nimeziona kwa macho. Chuma kabla ukingo wa kofia haujanyooka, hata kama mnunuzi hajafika. Uliochumwa mapema unaweza kuuanika, uliochelewa unakupa vumbi. Nyunyizia sakafu na hewa maji kabla ya kuingia kuchuma, vumbi litulie. Fungua matundu ya juu nusu saa mapema. Vaeni barakoa, mimi mapafu yangu yalipimwa na daktari akaniambia nimwachie mtu mwingine banda, ndiyo maana nasimulia nikiwa nimekaa. Mtoto asiingie, hata mzima, hata kwa dakika moja ya kuchukua ndoo. Kwenye pakiti andikeni jina la uyoga, siku uliyochumwa na namna ya kuupika. Mkiulizwa kuhusu ugonjwa wa mtu, jibu mnalijua, ni yale maneno matatu ambayo mimi yalinishinda.

Sisemi uyoga hauna dawa. Pengine wajukuu wenu watapewa kidonge kilichotoka kwenye ukuta wa ganoderma, kikawatuliza askari wa kifuani kwa kiasi kilichopimwa, nami nitafurahi huko nitakakokuwa. Mmoja wenu akienda chuo akakisomea, akija kuniuliza nitamwambia kila ninachojua kuhusu kuipanda. Namna inavyofanya kazi ndani ya mtoto, atamuuliza mwingine.

Mwaka jana Haika alipata kipaimara. Nililetewa kadi ya mwaliko na mtu wa bodaboda, jina langu limeandikwa kwa kalamu. Sikutaka kwenda. Mume wangu akasema nisipokwenda, safari hii nitakuwa mimi ninayekataa msamaha. Nikavaa gauni la bluu, nikaenda, nikatafuta kiti cha nyuma karibu na masufuria ya machalari ya ndizi na nyama.

Haika alikuwa amevaa nyeupe, mrefu kumpita mama yake, mabega yameshuka mahali pake. Bado anavuta dawa yake asubuhi na jioni. Nilimwona akiimba na kwaya ya vijana, ubeti baada ya ubeti, na nilijikuta nahesabu pumzi zake kama mwendawazimu.

Ulipofika wakati wa kutambulisha wageni, mama yake akashika kipaza sauti. Akatambulisha mashangazi, wajomba, walimu, watu wa miwa waliopanda na mumewe. Kisha akanitafuta kwa macho kule nyuma.

"Mama Kunda, simama."

Nikasimama.

"Huyu ni Mama Kunda wa uyoga," akawaambia watu. "Alinidanganya kuhusu mwanangu. Na ndiye peke yake, kati ya wote walionishauri nimwachishe dawa, aliyekuja nyumbani kwangu kusema kwamba alidanganya." Akanipungia mkono. "Njoo ukae huku mbele, mama. Chakula kinaanzia huku."

Nikaenda mbele. Watu walinipisha. Haika mwenyewe akaniletea sahani, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, na nikala.